Miezi minane na akili mnemba kwenye simu: maoni ya mtahiniwa wa kujitegemea, Kirumba

Nauza dagaa na kayabo, yaani sangara wa chumvi, kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, mwaka wa kumi na moja sasa. Novemba hii, Mungu akipenda, nafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, baada ya kufaulu QT, yaani mtihani wa maarifa, mwaka jana. Nawaandikia wenzangu wanaosoma huku wana kazi na watoto, wanaosikia kila siku kwamba akili mnemba inafundisha na hawajui waamini au wapuuze. Nimesoma nayo tangu Februari, karibu kila usiku, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka pembeni.

Nilijaribu programu mbili, zote za bure, za aina ile unayoiandikia swali nayo inakujibu. Jina la niliyobaki nayo silitaji. Ubaya nitakaousema nimeukuta kwa zote mbili, na sitaki mtu aikimbie moja akaangukie nyingine akidhani amepona.

Kwanza mjue nimeanzia wapi. Niliacha shule kidato cha pili mwaka 2006, nikiwa mjamzito. Waraka wa kuwaruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito kurudi shuleni ulitoka Novemba 2021, mwanangu akiwa na miaka kumi na minne. Lakini hata kabla ya mimba nilikuwa nimeshaanza kuzama. Shule ya msingi nilimaliza nikiwa wa tatu darasani, kila kitu kwa Kiswahili. Januari nikaingia sekondari, mwalimu akafungua mdomo, somo zima Kiingereza. Nilijua kwamba mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Nilishindwa kulisema hilo kwa lugha ya mtihani. Miaka miwili nilinakili ubao kama mtu anayechora, na nikaamini kwamba akili yangu imekwisha.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililolipenda kwenye programu hii ni kwamba unaiuliza kwa Kiswahili, inajibu kwa Kiswahili, halafu unaiambia ikupeleke kwenye Kiingereza polepole. Nitatoa mfano mmoja ambao sitausahau.

Osmosisi. Neno hili liliniliza kidato cha pili na lilikuwa bado linaning'ang'ania. Niliandika: nieleze osmosisi kwa Kiswahili, mimi ni mtu mzima, usinifiche kwa maneno makubwa. Ikanipa mfano wa zabibu kavu kwenye kikombe cha maji. Zabibu mimi nakutana nazo kwenye pilau la sikukuu. Nikaandika tena: mimi natengeneza kayabo, nieleze kwa kayabo.

Ikaniambia hivi, kwa maneno yangu. Sangara ukishampasua na kumsugua chumvi, nje ya seli zake chumvi inakuwa nyingi kuliko ndani. Utando wa seli unaruhusu maji kupita, basi maji yanatoka ndani kuifuata ile chumvi. Ndiyo maana asubuhi unakuta beseni limejaa maji wakati hukutia hata tone. Na bakteria wanaotaka kumuozesha nao hunyonywa maji vivyo hivyo, ndiyo maana mzigo unafika Congo haujaoza.

Nilikaa kimya na simu mkononi. Miaka kumi na moja namwaga maji ya yale mabeseni kila asubuhi. Somo lililonishinda shuleni lilikuwa limelala chini ya mikono yangu siku zote, na hakuna mtu aliyewahi kunionyesha. Usiku ule niliandika sentensi tatu za Kiingereza kuhusu chumvi na samaki, ikanisahihisha moja moja, ikanieleza kwa nini kitenzi hiki kinachukua herufi ya nyongeza mwishoni na kile hakichukui. Nikaandika tena. Nikalala saa saba usiku nikiwa na furaha ya mtoto.

La pili, haichoki. Kwenye kituo chetu cha masomo tuko zaidi ya arobaini, mwalimu mmoja, saa mbili kwa somo. Mimi nina miaka thelathini na mitano, na kuna vijana wa miaka kumi na tisa pale. Kuuliza mara ya tatu kitu kilekile mbele yao kunahitaji moyo. Kwenye simu niliuliza tofauti ya seli ya mmea na seli ya mnyama labda mara saba, kwa siku tofauti, na mara zote nilijibiwa kama ndiyo kwanza nauliza. Kwa mtu aliyewahi kuambiwa yeye si wa shule, hilo peke yake ni dawa.

Sasa niseme lililoniumiza, maana ndilo lililonifanya niandike.

Mwezi Machi na Aprili nilikuwa nimelewa. Kila swali la mitihani iliyopita nalipiga picha au naliandika, naletewa jibu zuri lenye vichwa vya habari, nalinakili kwenye kaunta buku. Nilijaza kaunta buku mbili. Nikizifungua nilikuwa najiona msomi. Nilipokuwa nasoma jibu, kila mstari niliuelewa, na nikadhani kuelewa mstari ulioandikwa na mwingine ndiyo kujua.

Mei kituo kikatupa moku, yaani mtihani wa majaribio. Baiolojia nikapata 31. Kemia 24, yaani F. Hisabati 19. Nilitoka mle ndani nikapanda daladala la kurudi Kirumba nikashindwa kushuka kituoni kwangu, nikapitilizwa mpaka Pasiansi. Maswali mengi niliyatambua. Nilijua hata liko ukurasa gani wa kaunta buku yangu. Jibu lenyewe halikuja.

Lililonifungua macho lilitoka mahali nisipopatarajia. Nikienda kununua mzigo Ukerewe hupanda meli ya Nansio, na katikati ya ziwa mtandao unapotea. Safari moja ya Aprili nilikuwa nimeiambia programu initengenezee maswali ishirini ya Baiolojia, nikayanakili haraka haraka, na kabla sijachukua majibu mtandao ukakatika. Safari nzima nilikaa juu ya begi langu na maswali matupu. Nikajilazimisha kujibu kwa kalamu. Mengine nilikwama, nikaacha nafasi, nikateseka nayo mpaka Nansio. Niliposhuka na mtandao ukarudi, niliyakimbilia yale niliyokwama kama mtu mwenye kiu.

Nilipoirudia karatasi ya moku ya Baiolojia nikiwa nyumbani, nikiweka alama pembeni, niliona kitu: yote niliyoyapata yalitoka kwenye yale maswali ishirini ya meli. Yale ya kaunta buku mbili karibu yote yalikuwa yamepotea.

Nikampelekea mwalimu wetu. Akanisikiliza, kisha akatusomea darasani habari ya utafiti wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, uliofanywa kwenye sekondari moja Uturuki na matokeo yake kutolewa mwaka 2024. Walikuwa wanafunzi karibu elfu moja, somo la Hisabati. Waliopewa programu ya kawaida ya kujibu maswali walifanya mazoezi vizuri zaidi kwa asilimia 48 kuliko wenzao waliokuwa na vitabu tu. Kisha programu ikaondolewa, wakapewa mtihani, na wale wale wakaanguka chini ya wenzao kwa asilimia 17. Kundi jingine walipewa programu iliyopangwa kutoa dokezo badala ya jibu. Hao mazoezi yao yalipanda kwa asilimia 127, na ule mporomoko wa kwenye mtihani karibu haukuonekana. Mwalimu alipomaliza kusoma aliniangalia mimi. Darasa zima lilikuwa limefanya kama nilivyofanya.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuanza kusoma naiandikia programu maneno haya. Nayaweka hapa kama yalivyo, anayetaka ayachukue:

"Usinipe jibu. Niulize swali moja tu kuhusu mada hii, kwa Kiingereza cha mtihani wa kidato cha nne. Nikijibu, niambie nimekosea wapi na unipe dokezo, nijaribu tena. Jibu kamili nipe baada ya mimi kujaribu mara mbili."

Mazungumzo yakiwa marefu inasahau na kuanza tena kumwaga majibu, kwa hiyo kila baada ya maswali kumi hivi nayarudia maneno hayo. Na majibu yangu siyaandiki kwenye simu kwanza. Nayaandika kwenye daftari kwa kalamu, simu nimeigeuza kifudifudi, ndipo nayaingiza. Inachosha. Usiku wa kwanza nilimaliza maswali sita tu wakati zamani nilikuwa "namaliza" mada mbili. Mtihani wa Agosti wa kituo Baiolojia nilipata 58, Kemia 41, Hisabati 33. Hakuna F hata moja. Kemia bado ni D na sijaridhika, lakini ni D yangu.

Mwezi unanisaidia. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola zimekuwa nyingi. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, mitumbwi inapumzika, na sisi wa mwaloni tunapata siku kadhaa za kupumua. Hizo ndizo siku ninazofanya maswali mazito. Giza likirudi na magunia yakianza kuingia alfajiri, nafanya matano tu, nikiwa nasubiri wanunuzi.

Niingie kwenye makosa yake, maana hapa mtu anaweza kupotea kabisa.

Kosa baya kwangu lilihusu ziwa letu. Niliuliza utando wa chakula wa Ziwa Victoria. Habari ya sangara iliisema sawasawa: kwamba aliletwa miaka ya 1950, akaongezeka sana, akawala furu, na aina nyingi za furu zikatoweka. Marehemu bibi yangu wa Ukerewe alikuwa akitusimulia furu waliokuwa wakijaa kwenye mitego yao enzi zake, kwa hiyo nilifurahi kuikuta habari ya bibi kwenye sayansi. Halafu, kwa sauti ileile ya uhakika, ikanieleza dagaa wetu kwa jina la kisayansi la dagaa wa Ziwa Tanganyika, na kuongeza kwamba anaishi kwenye ziwa lenye kina cha zaidi ya mita elfu moja. Ziwa Victoria pale penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80. Dagaa wetu kisayansi ni Rastrineobola argentea. Mimi ningejuaje kama nisingekuwa muuza dagaa? Mtoto wa Nzega au wa Mpanda angeandika vile kwenye mtihani bila wasiwasi.

Kosa la pili ni Kiswahili chenyewe. Nilipewa neno "anayenipigia" nilichambue mofimu zake. Programu ikasema mzizi ni "pigia". Mzizi ni "pig", ile "i" inayofuata ni ya kauli ya kutendea, na "a" ni kiishio. Nikaiambia, ikaomba radhi papo hapo na kunisifu. Nikataka kuijaribu: nikaiambia mzizi ni "nipig", kosa la makusudi. Ikaomba radhi tena, ikakubali. Hapo nilishtuka kuliko pale mwanzo. Mwalimu mwenye kukubali kila unachosema anakuacha na ujinga wako. Siku hizi siiambii kamwe programu nadhani jibu ni nini kabla ya kuuliza.

Na kwenye fasihi nawaomba msiiguse. Niliiuliza wahusika wa tamthilia tunayoisoma, nayo nikiwa nimeishika mkononi. Ikanitajia watu wawili ambao hawamo kabisa, na tabia zao, na mchango wao kwenye dhamira. Imetunga. Tamthilia ina kurasa chache, isomeni.

Mwalimu alitueleza kwa nini inakuwa hivyo, na maelezo yake yalinituliza kwa sababu niliacha kuiona kama mtu mwongo. Programu hizi zimelishwa maandishi mengi kupita kiasi, na kazi yao ni kukisia neno gani linafuata. Penye maandishi mengi kuhusu jambo, ukisio unakuwa mzuri. Osmosisi imeandikwa mara nyingi sana duniani, kwa hiyo inaijua. Kiswahili kimeandikwa kidogo kikilinganishwa na Kiingereza, dagaa wa Mwanza kidogo zaidi, na ile tamthilia labda hakuna aliyeiandikia chochote mtandaoni. Pasipo na maandishi haikai kimya, inaendelea kukisia kwa sauti ileile. Kwa hiyo mimi najiuliza kila mara: jambo hili limeandikwa na watu wengi au wachache? Kama ni wachache, nafungua kitabu.

Hisabati iko katikati. Ukiipigia picha hesabu uliyoikokotoa kwa mkono, inaona vizuri mahali ulipoipoteza alama ya kutoa, na hilo limenisaidia sana kwenye milinganyo. Naipenda pia inaponitengenezea maswali ya biashara yangu: gunia nimenunua 180,000, nimeuza 216,000, faida asilimia ngapi? Nilijibu 20 kabla hata sijashika kalamu, maana hiyo nimeifanya maisha yangu yote bila kujua inaitwa asilimia ya faida. Ila kwenye kuzidisha namba ndefu imewahi kunipa jibu la uongo, kikokotoo cha simu kikanisuta. Siku hizi hesabu zake zote nazipitisha kwenye kikokotoo.

Na kuna vitu haiwezi kabisa. Nilisoma mara nyingi kwamba iodini ikigusa wanga inageuka bluu inayokaribia nyeusi. Sikuielewa mpaka mwalimu alipokuja na kichupa chake akadondosha tone kwenye kipande cha ugali wa jana, tukaona sote arobaini. Kuna dada mmoja alipiga kelele. Swali hilo hata uniamshe usiku wa manane najibu.

Gharama: programu ni bure, bando si bure. Maandishi matupu hayali bando sana. Ninatumia kama shilingi 1,000 kwa siku tatu na bado nawasiliana na wateja. Picha na sauti ndizo zinazokula, na picha zenyewe ukituma nyingi inakwambia usubiri mpaka kesho. Umeme ukikatika jioni na simu haina chaji, huna shule. Ndiyo maana narudia habari ya daftari. Pia, mara mbili ilinipa maswali ya mfumo wa mtihani wa Kenya. Itajie wazi Tanzania, kidato cha nne, somo na mada.

Niseme neno kwa wazazi wa mwaloni, kwa heshima. Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha pili. Kazi ya nyumbani ya Jiografia anaimaliza kwa dakika nne, anapiga picha, ananakili, anafunga daftari, anarudi kwenye mpira. Mama yake anafurahi kwamba mtoto ana bidii. Nilimkalisha, nikafunga daftari, nikamuuliza kwa upole alichoandika. Machozi yalimlenga. Sikumgombeza, kwa sababu mimi mwenyewe nina kaunta buku mbili za aina hiyo. Nimekubaliana naye kwamba Jumamosi anakuja kwangu, tunawekeana simu kifudifudi na kuulizana. Mama nanihii, kama mwanao anasoma kwa simu, muulize swali moja simu ikiwa mbali. Hata kama wewe hujasoma, utaona usoni kwake.

Kama ni nyota, Baiolojia naipa nne kati ya tano, Kiingereza cha kuandika nne, Hisabati tatu, Kiswahili mbili, fasihi sifuri. Kwa mtu mzima anayeanza upya na anayejua kabisa kwamba anataka kujua, naishauri kwa moyo wote, ukiwa na kitabu pembeni na mwalimu wa kumuuliza angalau mara moja kwa wiki. Kwa mtoto anayetaka tu kumaliza kazi ya nyumbani, msimwachie peke yake.

Wiki iliyopita binti mmoja anayepakia magunia kwa bosi wa jirani yangu aliniona na daftari juu ya mzigo, akauliza, "Dada, hiyo ni ya nini?" Aliacha shule kidato cha kwanza. Nikampa simu, nikamwambia aulize chochote kwa Kiswahili. Akafikiri sana, akaandika taratibu kwa kidole kimoja: kwa nini dagaa wanafuata taa. Ikaanza kumjibu moja kwa moja, nikamnyang'anya simu kabla hajasoma, nikamwambia, "Hebu kwanza wewe unadhani kwa nini?" Tukakaa pale mpaka mtumbwi wa mwisho ulipotia nanga, tukibishana. Kesho anakuja na daftari lake.